Elfu kumi ya mwanafunzi na safari yake hadi darasani

Kila Juni, siku ya hotuba ya bajeti Dodoma, watu wengi husikilizia mambo mawili: bia imepanda kiasi gani, na mafuta je. Wachache hutazama fungu la elimu na la afya, halafu hukumbushana ile asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya ambayo wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001. Kukumbushana ni sawa. Ila asilimia hiyo haikwambii kwa nini mtoto wa Kaliua na mtoto wa Moshi Mjini, walio chini ya sera moja na hotuba moja, hawasomi shule zinazofanana. Hilo linaamuliwa chini zaidi, kwenye kasma, yaani vifungu vidogo vya bajeti: kiwango kwa kila kichwa, fedha zinamfuata nani, nani anatakiwa kutoa kwanza, na zinaingia akaunti lini.

Tuanze na ruzuku ya uendeshaji, maana ndiyo inayoonekana kirahisi. Shule ya msingi ya serikali inahesabiwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sekondari 25,000. Kiwango cha msingi kilizaliwa na MMEM, mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002 baada ya ada kufutwa. Kilipangwa kwa dola: 10 kwa mtoto. Wakati ule dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000, kwa hiyo hesabu ilikaa vizuri. Leo dola imevuka 2,400, na kiwango kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyesimama bungeni akatangaza kupunguza ruzuku; imejipunguza yenyewe, mwaka hadi mwaka, bila kelele. Ukitaka kukata bajeti ya watu wasio na sauti, njia rahisi ni kuacha tarakimu bila kuigusa.

Tena 10,000 yote haifiki shuleni. Kiasi cha 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, inayokuja shuleni ni 6,000. Chukua shule ya kijijini yenye wanafunzi 480. Mara 6,000 ni 2,880,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa mwezi. Sasa mwalimu mkuu anataka kuchapa mtihani mmoja wa muhula: masomo sita, karatasi mbili kwa kila somo, wanafunzi wote. Hizo ni karatasi 5,760, karibu rimu 12. Rimu ikiwa 13,000, ni 156,000. Zimebaki 84,000, na bado hujanunua wino wa mashine, chaki, madaftari ya maandalio, kitasa cha darasa la nne kilichovunjika, wala nauli ya kwenda halmashauri kupeleka taarifa. Ndiyo maana shule nyingi za vijijini maswali huandikwa ubaoni na watoto wanayanakili. Mtoto anayeandika polepole anapoteza dakika 20 kabla hajajibu swali la kwanza, halafu siku ya mtihani wa taifa anakutana na karatasi iliyochapwa kama kitu kigeni.

Shule ya mjini yenye idadi ileile inapata shilingi zilezile. Tofauti ni kwamba mjini wazazi hukaa kikao na kukubaliana elfu mbili ya mitihani kwa mwezi. Wazazi 480 wakitoa 2,000 ni 960,000, mara nne ya ruzuku ya mwezi. Kijijini, ambako fedha huonekana baada ya mavuno tu, kikao hichohicho kinaleta ahadi. Ruzuku iliyo sawa kwa kila kichwa inaitwa haki kwenye karatasi, kumbe katika maisha inamwachia mzazi azibe pengo, na wazazi hawalingani mifuko.

Hapa watu huchanganya elimu bila ada na elimu bila gharama. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukagawa majukumu waziwazi: sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Faida ya kufuta ada ilikuwa kubwa na haihitaji kubezwa. Darasa la kwanza la 2016 lilifurika nchi nzima. Serikali ikaanza kuingiza fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi, jambo lililokata mlolongo mrefu wa zamani ambapo ruzuku ilipitia halmashauri na kufika robo, ikifika. Hilo nalipa alama nzuri kabisa. Kasoro yake ni takwimu. Fedha zinafuata idadi ya wanafunzi iliyopo kwenye mfumo wa takwimu za shule. Shule iliyopokea watoto wapya Januari na Februari, idadi yake isipohuishwa mapema, inawalisha chaki watoto 560 kwa ruzuku ya 480. Wanaoumia ni wa maeneo yenye uhamiaji: vijiji vya wafugaji, kambi za wachimbaji wadogo, mitaa mipya ya pembezoni mwa miji.

Lakini ruzuku ni chenji. Fedha nzito za elimu ni mishahara, na mishahara haifuati watoto, inamfuata mwalimu alipo.

Tuseme shule mbili, kila moja na wanafunzi 500. Ya mjini ina walimu 12, ya kijijini ina 5. Mshahara wa wastani tuuweke 800,000 kwa mwezi. Ya mjini inakula 115,200,000 kwa mwaka, sawa na 230,400 kwa mtoto. Ya kijijini 48,000,000, sawa na 96,000 kwa mtoto. Tofauti ni 134,400 kwa kila mtoto, kila mwaka. Ilinganishe na ile 6,000 ya ruzuku tunayogombana nayo: ni zaidi ya mara 22. Mtoto wa mjini anapewa ruzuku ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na haiandikwi popote kama ruzuku.

Inakuwaje? Mwalimu mpya anapangiwa kijijini kwa kibali cha ajira. Baada ya muda anaomba uhamisho: ameolewa, anaumwa na anahitaji kuwa karibu na hospitali, au nyumba hakuna na darasa ndilo analolala. Sababu nyingi ni za kweli. Akihama, mshahara wake unahama naye, kwa sababu umefungwa kwenye jina na si kwenye kiti. Shule inabaki na pengo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa kuwa nayo, na kuliziba kunahitaji kibali kipya ambacho kinategemea bajeti ya mishahara ya taifa. Mwaka unapita. Bajeti ya mwaka unaofuata inaandaliwa kwa kuangalia walimu waliopo, kwa hiyo halmashauri yenye upungufu inapangiwa mishahara kidogo tena. Upungufu wa mwaka huu unageuka kuwa kigezo cha mwakani.

Kanuni za kugawa kwa haki hazijakosekana. Tangu 2004 ruzuku ya afya kwa halmashauri ilipangiwa vigezo: idadi ya watu asilimia 70, umaskini 10, vifo vya watoto chini ya miaka mitano 10, na umbali ambao magari ya wilaya yanatembea 10. Ni kanuni ya maana. Ikakwama palepale, kwa sababu huwezi kuipa wilaya mishahara ya wauguzi 60 ilhali inao 25, na huwezi kuinyang'anya nyingine mishahara ya watu ambao tayari wako kazini. Kwa maoni yangu, kabla ya kubuni kanuni mpya, fedha za nyumba za watumishi na posho ya mazingira magumu zingefanya kazi kubwa zaidi. Nyumba moja yenye umeme wa jua humweka mwalimu kijijini kuliko waraka wowote wa kuzuia uhamisho.

Upande wa majengo kuna mtego mwingine, na huu unapendwa sana kwa sababu unaitwa ushirikishwaji. Wananchi wanajenga boma, yaani kuta zisizo na paa, hadi linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halafu serikali inakamilisha: paa, sakafu, madirisha. Kijiji chenye kahawa, korosho nzuri au watoto wao wanaotuma fedha kutoka Dar kinafika linta ndani ya mwaka. Kijiji cha mtama na mvua za kubahatisha kinafika msingi, kinachangisha tena, mvua inakula tofali. Fedha za ukamilishaji zinapokuja, swali la kwanza ni nani ana boma. Aliyekuwa nacho anaongezewa.

Zile fedha za UVIKO-19 za 2021, shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zilikwepa mtego huu kwa kiasi: darasa zima lilipewa shilingi milioni 20, bila kusubiri boma, na yalijengwa madarasa 15,000. Ila kiwango kilikuwa kimoja nchi nzima. Mfuko wa saruji haulingani bei kati ya jirani na kiwanda na kijiji cha mwisho wa barabara ya vumbi. Tofauti ikiwa 6,000 kwa mfuko na darasa likala mifuko 150, hizo ni 900,000 zimeishia kwenye nauli ya lori. Bati na nondo zinafanya vivyo hivyo. Ndipo unapokuta darasa la mjini limebakiza hela ya madawati, na la pembezoni limekosa dari, halafu mkaguzi anauliza kwa nini.

Afya ina mchezo wake, na unaanzia kwenye neno msamaha. Sera inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo watibiwe bure. Sawa kabisa. Sasa angalia zahanati inaishi kwa nini: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, malipo ya papo kwa papo, madai ya bima, na fungu la dawa lililoko Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali. Zahanati ya mjini inapata wagonjwa wenye kadi za bima na wanaolipa taslimu. Ya kijijini, katika kila watu kumi mlangoni, huenda saba ni wa msamaha. Kila anayesamehewa anatumia glovu, sindano na vidonge vilevile, na hakuna kasma inayorudisha gharama yake. Msamaha usio na fedha nyuma yake unalipwa na zahanati yenyewe, na zahanati maskini ndiyo inayosamehe zaidi. Mwisho wa robo dawa zimekwisha. Mama anaandikiwa cheti akanunue duka la dawa, na pale "bure" inageuka kuwa 15,000 pamoja na bodaboda.

Kutoka mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri, na hili limesaidia: mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anaweza kununua dawa iliyokosekana. Njia yake ni kuagiza Bohari kwanza. Bohari ikithibitisha haina, anakwenda kwa mshitiri, muuzaji wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa. Panapoharibika ni kwenye kusubiri uthibitisho huo, na kwenye karatasi. Zahanati yenye muuguzi mmoja anayepima wajawazito, anachoma chanjo na ndiye mhasibu, inachelewa kuingiza taarifa za mapato na matumizi, na fedha zipo akaunti lakini hazitumiki. Kwenye ripoti itaonekana kituo kimeshindwa kutumia fedha. Kwa kweli kimeshindwa kupata mtu wa pili.

Muda nao ni pigo, ingawa sitalikalia sana. Serikali inatoa fedha kadiri inavyokusanya. Makusanyo yakiyumba, mishahara na deni la taifa havisubiri; kinachosubiri ni maendeleo na matumizi mengineyo. Halmashauri yenye mapato makubwa ya ndani, ushuru wa stendi, masoko, hoteli, inajikopesha kwa muda. Ile inayotegemea ruzuku kwa sehemu kubwa inasimamisha mafundi, na fedha zikija mwishoni mwa Juni zinakimbizwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Kazi ya kukimbizwa utaijua kwa nyufa.

Kama unataka kufuatilia kwenye kata yako, usianze na Dodoma. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na uombe mapato na matumizi ya shule yabandikwe. Kisha piga hesabu ndogo: wanafunzi waliopo mara 6,000, gawa kwa 12. Linganisha na taarifa ya benki ya mwezi. Ikipungua, uliza ni idadi gani ya wanafunzi iliyo kwenye mfumo, kwa sababu mara nyingi tatizo liko hapo kabla halijawa la wizi. Kwa zahanati, uliza mambo mawili kwa kamati ya kituo: wagonjwa wangapi wa msamaha robo hii, na dawa zipi zilikosekana kwa siku ngapi.

Kwa diwani, omba ukurasa mmoja tu: majina ya shule zote za halmashauri, idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu, zipangwe kuanzia yenye walimu wachache kwa mtoto. Jedwali hilo halina gharama, takwimu zake zipo kwa afisa elimu. Liombe Oktoba au Novemba, wakati vijiji na kata zinaandaa mipango na mwongozo wa bajeti ukiwa njiani. Baraza la Madiwani huwa limeshapitisha makadirio kabla Aprili, na Juni inapofika, Waziri anasoma kilichokwisha kuandikwa.