Mchele na Pumba Zake

Jumapili, saa nne usiku.

Nimemaliza kwa mara ya pili The Science Fiction Hall of Fame, juzuu ya kwanza, mkusanyiko aliouhariri Robert Silverberg mwaka 1970. Hadithi 26, zote za kabla ya 1965, zilizochaguliwa kwa kura na waandishi wenzao wa hadithi za kisayansi huko Marekani. Nilipousoma mara ya kwanza niliamini watu wa zamani hawakuwahi kuandika kibovu. Kila ukurasa dhahabu tupu!

Kisha nikakutana na majarida yenyewe ya palpu, yale ya bei rahisi ambamo hadithi za aina hii zilichapishwa kwanza, yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, matangazo na yote. Wiki hii nimesoma toleo moja la miaka ya 1930 mwanzo hadi mwisho, na loo! Profesa anakimbizwa na dubwana lenye mikono sita, anafika mlangoni, anageuka, anaanza kumweleza kijana jinsi mashine yake inavyofanya kazi. Kurasa mbili nzima. Dubwana, kwa adabu zake, linasubiri. Nilicheka peke yangu mpaka nikakumbuka kwamba waandishi hao walilipwa kwa idadi ya maneno, mara nyingi senti moja kwa neno au pungufu. Hotuba ya profesa ilikuwa kodi ya nyumba ya mtu.

Rafiki yangu mmoja, msomaji kunishinda, hanielewi. “Wenzako wameshakupepetea mchele, wewe unarudi kuchokora pumba?” Kwake mkusanyiko ndio kila kitu, na palpu ni karatasi ya kufungia vitu.

Ana hoja, siwezi kumnyima. Majarida yale yaliitwa hivyo kwa sababu ya karatasi yake, rojo la mbao lenye asidi, linalogeuka manjano kisha kumomonyoka mkononi kama jani kavu. Mwaka 1946 wahariri Healy na McComas walipotoa mkusanyiko wao, Adventures in Time and Space, kitabu cha karibu kurasa 1,000, walizitoa hadithi nyingi kwenye karatasi ya kufa wakazitia kwenye jalada gumu. Bila watu wa namna hiyo mimi nisingekuwa na cha kubishania.

Ila kuna kitu ungo wa mhariri haukibakizi, nacho ni kelele za wasomaji. Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories mwezi Aprili 1926, jarida la kwanza la hadithi za kisayansi pekee, haikupita muda akawa anachapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, vikundi vikazaliwa. Barua zile nazipenda kuliko nusu ya hadithi. Huyu anasema hesabu ya mwendo wa chombo si sahihi, yule analalamika kwamba picha ya jalada inamtia aibu mbele za watu. Baadaye, kwenye jarida la Astounding, mhariri wake John W. Campbell alikuwa akitangaza hadithi za kila toleo zimeshika nafasi ya ngapi kwa maoni ya wasomaji.

Chukua “The Cold Equations” ya Tom Godwin, ya 1954, ambayo imo kwenye mkusanyiko wa Silverberg. Msichana amejificha ndani ya chombo kinachopeleka dawa ili akamwone kaka yake. Mafuta yamepimwa kwa uzito wa rubani na mzigo, basi. Akibaki ndani, chombo kitaanguka, na wagonjwa kule watakufa pamoja nao. Inasemekana Godwin alikuwa akimwokoa msichana, na Campbell akamrudishia hadithi mara kadhaa mpaka akakubali kumtoa nje. Mara ya kwanza nililia. Safari hii nimekasirika: mlango wa chombo cha hatari namna hiyo unalindwa na kibao tu cha kukataza watu kuingia? Kufuli je? Wasomaji wamezozana juu ya kufuli hilo kwa miongo mingi, na sasa nami nimehamia upande wa wakali. Lakini ndani ya mkusanyiko hadithi imekaa kimya, kama sanamu ambayo hakuna aliyewahi kuitupia jiwe.

Nilimweleza rafiki yangu hayo yote leo jioni, kwa ufasaha kabisa nadhani. Akaniuliza, “Haya, profesa alipona?”

Hapo ndipo aliponipata. Hadithi ya profesa ilikuwa ya mfululizo, na toleo nililonalo lina sehemu ya pili kati ya tatu. Nimetafuta tangu magharibi. Sehemu ya kwanza nimeipata. Ya tatu, sijaiona popote.