Nilivyojifunza kuuamsha upatu kabla ya kuupiga

Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga ngoma, na kwenye ngoma mkono ukishuka sauti hutoka papo hapo. Kwa hiyo nilipojiunga na okestra na kukabidhiwa upatu, yaani bamba la metali la kupigwa kwa kirungu, mkubwa na bapa, uitwao tamtamu, jina linalomfanya Mswahili afikirie peremende, sikudhani kwamba nimepewa kazi ngumu. Kazi yenyewe ilikuwa pigo moja tu. Katika Simfonia ya 6 ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky, iliyosikika hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1893, upatu hunyamaza tangu mwanzo hadi karibu na mwisho wa sehemu ya nne, kisha hupigwa mara moja kwa sauti ya chini, na hapo trombone na tuba, ala za kupuliza za shaba, huingia taratibu.

Siku ya mazoezi nilihesabu vizuri, nikainua kirungu na kuupiga katikati barabara. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini upatu wangu haukuvuma. Ulitoa kishindo kikavu, kama mfuniko wa pipa ulioanguka sakafuni, na mvumo wenyewe ukafika wakati trombone zimekwisha kuanza. Mwongozaji alinitazama tu, asiseme neno.

Wakati wa mapumziko, mzee mmoja wa upande wetu wa ala za kupigwa alinivuta kando. “Mwanangu, umempiga mtu aliyelala,” aliniambia. “Mwamshe kwanza.” Akachukua kirungu kizito kilichofungwa sufu, akaugusa upatu mara tatu au nne kwa wepesi mno, hata nilipoweka ncha za vidole ukingoni nilihisi mtetemo ilhali sikio halikusikia kitu. Kisha akapiga, si katikati bali kando yake kidogo, mkono ukipita kwa mshazari kama wa mtu anayepangusa vumbi. Sauti ilianzia chini, ikapanda, ikafunguka.

Nilimsumbua kwa maswali hadi nikaelewa sababu. Upatu huo ni bamba la mchanganyiko wa shaba na bati, shaba ikiwa takriban asilimia 80, na pigo huanza kwa kuamsha mitetemo mizito na ya polepole, kisha nguvu yake huhamia kidogo kidogo kwenye mitetemo ya kasi, ndiyo maana mng’aro wa sauti huchelewa. Mpigaji asiyeliamsha bamba mapema, na asiyetangulia kidogo ishara ya mwongozaji, atachelewa hata kama hesabu yake ni sahihi.

Baada ya hapo nilijaribu kila upatu uliokuwemo katika chumba cha ala, na nikagundua kwamba somo la tamtamu halifai kwa zote. Ule wenye kinundu katikati, wa jamaa moja na patu za gamelani, kundi la ala za kupigwa la kisiwa cha Java, una noti yake maalumu, na hapo kinundu ndicho kinachopigwa, hasa kwa kirungu laini. Upatu wa opera ya Beijing ulinichekesha: ule mdogo sauti yake hupanda baada ya pigo, na ule mkubwa hushuka, kana kwamba vinajibizana. Upatu usio na ukingo uliokunjwa hulipuka haraka kama matoazi, na kwa maoni yangu wengi huutumia kupita kiasi. Kuna pia mchezo wa kuupiga upatu kisha kuuzamisha ndani ya maji, noti ikashuka kadiri unavyozama.

Usiku wa onyesho nilisimama ubavuni mwa upatu ili nimwone mwongozaji, mkono wa kushoto ukiwa tayari nyuma ya ukingo, kwa sababu bamba kubwa namna ile halizimwi kwa vidole viwili. Linahitaji kiganja, na mara nyingine paja pia. Ala zilipoanza kufifia nilikuwa tayari nikiligusagusa kwa kirungu, huku nikihofia kwamba jirani yangu angesikia. Hakusikia. Nilipiga mapema kwa kiasi cha nusu pumzi, na mvumo ukawa umekwisha kufunguka trombone zilipoingia. Sikuuzima; niliuacha ufifie wenyewe chini yao, kiganja kikiwa karibu na bamba, hadi nilipohisi kwamba limetulia.