Dumbaki limeingia kila mahali

Usiku wa tatu huu nasawazisha sauti za ile taarab tuliyoirekodi Ngome Kongwe, Unguja, na dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, bado linanitesa. Nikipandisha ganuni, kile kinanda cha nyuzi, dumbaki nalo linapanda. Nikishusha, ganuni inazama. Vipaza sauti nilivibananisha mno. Kosa langu mwenyewe: jukwaa lilikuwa dogo, nikasema itakwenda tu.

Halafu watunzaji. Ubeti wa tatu, mama mmoja anapanda na noti zake, anamwinamia mwimbaji, kigelegele hicho, puu, ndani ya kipaza sauti! Mwenzangu anasema kikate. Nimekataa. Taarab bila vigelegele si mazoezi hayo?

Kuhifadhi nako kuna kazi yake. Chaneli 16 kwa saa mbili, biti 24 kwa kilohezi 48, zinakula gigabaiti 16 na nusu hivi. Nakala moja iko kwangu, nyingine kwa dada, kule Bububu, maana mwaka juzi diski ilinifia na harusi nzima ya watu ndani. Na majina ya mafaili usiniulize: "mpya", "mpya2", "mpya_ya_mwisho_kweli".

Nazima. Kesho nitasikiliza tena, masikio yakishalala.