Wateja wangu wa baada ya magharibi

Nashona nguo Ngamiani, hapa Tanga, kanzu na suruali za kiume. Mchana wanakuja vijana. Magharibi ikishaswaliwa, mafundi wenzangu wamefunika cherehani zao, ndipo anapotokea mzee mmoja mmoja amevaa msuli. Anasimama mlangoni, anaulizia bei ya kanzu, na kanzu yenyewe haitaki.

Anachotaka ni suruali pana, yenye marinda mengi mbele, na asipimwe huku watu wanatazama.

Watu wa Pwani mmeshaelewa. Ni busha, uvimbe wa korodani. Najua wapo waliokwisha kucheka, maana kwetu busha ni kichekesho cha barazani tangu zama za babu zetu. Mtu akiumwa mguu anapewa pole. Akiwa na busha anapewa jina la utani. Jambo hili linaniuma sana, ndiyo maana naandika.

Wateja hawa nina namna yangu ya kuwapima. Futi siipitishi mbele. Kiuno nakichukua nikiwa nyuma yake, halafu namwomba suruali aliyoizoea, naitandaza mezani na vipimo vilivyobaki navichukua hapo. Huku tunazungumza habari za nazi na bei ya samaki. Wala simwambii "usijali", kwa sababu nikimwambia hivyo nimemjulisha kwamba nimeona.

"Fundi, ongeza kidogo hapa," aliniambia mmoja, bila kuonyesha hapo ni wapi.

"Nimeshaongeza, mzee wangu."

Ndipo akakubali kukaa kwenye kiti nilichompa tangu alipoingia.

Mzee huyo alitoka Tangasisi akikokota baiskeli. Matairi yana upepo, mnyororo mzima, lakini kupanda hawezi, tandiko linamuumiza. Kwenye mji wetu huu wa baiskeli, hebu fikiri mtu anaikokota yake barabara nzima, na kila anayempita anamuuliza kulikoni. Minazi ameacha kukwea, kipato kimekatika. Harusini haendi. Msikitini alikuwa wa safu ya mbele, sasa anaswali nyumbani. Haya yote alinieleza kidogo kidogo, siku alipokuja kuchukua suruali.

Na sisi tunamzushia. Eti amekunywa madafu mno! Dafu halina kosa lolote. Mabusha mengi ya huku Pwani yanaletwa na mbu. Anamuuma mwenye vimelea, kisha anamuuma mwingine na kumwambukiza. Vikikua vinakuwa minyoo myembamba inayokaa kwenye mishipa ya limfu, na miaka mingi inaweza kupita kabla uvimbe haujaonekana. Ukitokea mguuni tunaita matende, ukitokea kwenye korodani ni busha. Mbu wa mjini anayeeneza ugonjwa huu anazaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu. Kwa hiyo anayecheka na anayechekwa wanaumwa na mbu wa mtaro mmoja.

Kingatiba ya ugonjwa huu ilianza kugawiwa kisiwani Mafia mwaka 2000, baadaye ikafika na mikoa mingine. Ni vidonge vya albendazole na ivermectin, vinapunguza vimelea vichanga kwenye damu ili mbu asipate cha kusambaza. Wapo wanaovikataa kwa uvumi kwamba vinaua nguvu za uzazi; hao nawasihi wameze. Lakini busha lililokwisha kukua vidonge haviliondoi. Linatibiwa kwa upasuaji.

Hapa ndipo mzaha unapoumiza watu. Mtu uliyemcheka barazani leo, kesho utamwambiaje aende hospitali akavue nguo mbele ya daktari? Ataona na kule anakwenda kuchekwa. Atakaa nalo miaka, na dawa yake ipo. Muuza kahawa wa mtaani kwetu amelifahamu hilo kuliko wasomi wengi: mzaha wa mabusha ukianza tu, anakusanya vikombe vyake na kuhamia baraza nyingine. Vijana wamemwelewa bila kuhubiriwa.

Mzee wa Tangasisi amekwisha kufanyiwa upasuaji. Amerudi kwangu mchana kweupe na suruali zake mbili, anataka zipunguzwe, na vijana walipomuuliza sababu aliwaeleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Nimeona mmoja wao akimwita pembeni kumuuliza habari za baba yake.

Nawe kama una baba au mjomba aliyeacha baiskeli ghafla, mtafute akiwa peke yake. Usianze na ugonjwa, anza na salamu na mambo yake. Ukifika kwenye neno lenyewe, mwambie utakwenda naye, na utakaa naye pale kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Mzee wa Tangasisi nilimsindikiza mimi, na aliniambia tukiwa njiani kwamba kisu hakimtishi hata kidogo. Alichokuwa akiogopa miaka yote hiyo ni kukaa kwenye lile benchi peke yake, watu wakipita.