Muheza iliwafundisha madaktari wa dunia

Wanafunzi wa uuguzi wanapoletwa wodini kwetu, hapa Tanga mjini, huwauliza Muheza inasifika kwa nini. Hujibu machungwa. Basi nawasimulia habari za FEAST, utafiti wa kuwapa watoto mahututi maji ya dripu.

Utafiti huo ulifanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, na ya kwetu ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza. Walihusika watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu: miguu ya baridi, mapigo hafifu, ukibonyeza ukucha damu yachelewa kurudi. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu upesi. Hata watafiti, wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, walitarajia hivyo. Kwa bahati nasibu, wengine wakapewa maji ya chumvi haraka, wengine albumini (maji yenye protini ya damu) haraka, wengine dripu ya taratibu tu.

Majibu yalichapishwa 2011. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi haraka na 10.6 ya waliopewa albumini. Wa dripu ya taratibu, 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, wala si mapafu kujaa maji kama wengi tulivyodhani.

Nawaheshimu mno wazazi wale wa Muheza. Mtoto hajitambui, nawe unaombwa uridhie utafiti! Mtu mkoani kwetu angepaswa kuwataja kila mwaka.

Mama akiniambia, "Sista, mbona yadondoka polepole? Mfungulie mwanangu," simkaripii. Nakaa naye, namweleza, namwonyesha jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto, kisha namwomba aniite upesi akimwona analegea au anahema kwa shida.

Wanafunzi nawaonya jambo moja, maana huchanganya: watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huu, wala wenye utapiamlo mkali. Aliyekaukiwa kwa kuharisha, maji anayahitaji, tena bila kuchelewa. Na mwenye malaria kali aliyeishiwa damu, mara nyingi kinachomwokoa ni damu. Kwa hiyo kabla ya kugusa dripu, mpime mtoto, umwangalie macho, ufumbate miguu yake, umuulize mama ameharisha tangu lini.