Dar au Dodoma? Itazame kila moja kwenye mwezi wake mbaya

Wengi wanaofikiria kuhama Dar es Salaam huenda kuitazama Dodoma mwezi Machi. Mvua zimenyesha tangu Desemba, uwele na mtama umesimama mashambani, vumbi limelala na jioni kuna ubaridi mzuri. Wanarudi wameshaamua. Mimi nasema nenda Dodoma Oktoba. Na kama ndiyo kwanza unataka kuingia Dar, fika Aprili, masika yakiwa yamekolea.

Oktoba inakuonesha maji, na maji ndiyo ya kwanza kupima. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, kama nusu ya ile ya Dar. Karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Sehemu kubwa ya maji ya bomba inatoka kwenye visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na watu wameongezeka kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016. Visima havikuongezeka kwa kasi hiyo, ndiyo maana kuna mgao. Dar nayo isikudanganye: inategemea Mto Ruvu, na vuli ilipochelewa mwaka 2022 jiji lilipangiwa zamu ya maji.

Kwa hiyo usimuulize dalali kama nyumba ina maji. Atasema yapo. Waulize majirani wawili, kila mmoja peke yake: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na je, yanapanda yenyewe mpaka kwenye simtanki au lazima pampu? Kisha piga hesabu. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, inamaliza lita 300. Tanki la lita 1,000 linakwisha siku ya nne asubuhi; la lita 2,000 linakaribia wiki. Maji yakitoka mara moja kwa wiki, nyumba yenye tanki dogo ni ghali hata kama kodi yake ni ndogo, kwa sababu utanunua maji ya boza. Onja pia. Maji ya visima Dodoma yana chumvichumvi: sabuni inakataa povu, na birika hujenga ukoko mweupe ambao ndimu au siki ndiyo huutoa. Visima vingi vya Dar vilivyo karibu na pwani vina shida hiyohiyo.

Baada ya maji, njia ya kazini. Dar, panda gari kutoka nyumba unayoitaka mpaka kazini Jumatatu saa 12 asubuhi, kisha urudi saa 11 jioni. Ukienda Jumamosi mchana kupima muda kutoka Goba, Kivule au Chanika, hujapima kitu. Ukipata chumba cha kutembea kwa miguu mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi kwenye njia ya Kimara–Kivukoni, hata kikiwa kidogo, mimi ningekichagua kuliko nyumba nzima ya mbali. Dodoma foleni si mzigo mkubwa. Shida ni upande unaokaa. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kilomita zisizopungua 15 kutoka katikati ya mji, barabara ya Dar. Anayefanya kazi huko atazame Nzuguni, Ihumwa, Ilazo au Kisasa. Akipanga Nkuhungu au Mkonze, kila asubuhi atavuka mji kwanza. Uliza daladala ya mwisho hupita saa ngapi, maana ukiikosa ni bodaboda.

Wenye shughuli pande zote mbili wameokolewa na treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024. Safari ya saa saba au nane kwa basi sasa ni kama saa tatu na nusu. Kata tiketi mapema kwa siku za Ijumaa na Jumapili.

Ukuta nao unasema. Dodoma kuna maeneo ya udongo mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na msingi hafifu haustahimili hilo. Tafuta ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango. Kama sarafu inaingia, achana na nyumba hiyo. Dar tazama chini ya ukuta: plasta inayobambuka, chokaa inayotoa unga wa chumvi, nondo za dirisha zilizoliwa na kutu. Rangi mpya iliyopakwa mita moja tu ya chini mara nyingi inaficha alama ya mafuriko, hasa bonde la Msimbazi, pande za Jangwani na Kigogo.

Umeme unatofautiana kwa sababu ya joto. Dar, feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila usiku inakula kama uniti 18 kwa mwezi. Feni tatu ni 54, ongeza friji, na tayari umevuka uniti 75, kiwango ambacho mtumiaji mdogo akikizidi bei hupanda. Dodoma feni ni ya miezi ya joto tu, Septemba mpaka mvua zishike. Juni na Julai utahitaji blanketi zito.

Samani za mbao zilizozoea unyevu wa pwani hukauka zikifika Dodoma: meza inapasuka kwenye maungio, droo zinalegea. Usiziweke panapopigwa na jua wala upepo wa dirishani miezi ya kwanza. Friji iliyolazwa kwenye fuso isimamishwe usiku mmoja kabla ya kuiwasha.

Kodi: wengi wanataka miezi sita au kumi na miwili, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Omba miezi mitatu, hata ukiongezewa kidogo. Kwa watoto, pata kwanza shule inayowapokea ndipo uombe uhamisho. Wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne wahamishwe kabla hawajasajiliwa kwa mtihani wa taifa. Mwaka wa shule unaanza Januari, kwa hiyo mzazi mmoja anaweza kutangulia Dodoma Septemba kwa kodi ya miezi mitatu. Ikifika Desemba atakuwa ameshajua tanki linakaa siku ngapi, na familia itaamua kabla fuso haijakodiwa.