Siuzi, Nashona Tu

Jumapili, katikati ya Julai

Dar es Salaam mwanaume akikaa kwenye cherehani hakuna anayegeuka kumtazama. Mafundi wa barazani wengi ni wanaume, na hakuna anayeona ajabu. Kinachowashinda watu kwangu ni kwamba nashona na sina mteja. Mchana niko ofisini, kwenye shughuli za kutoa mizigo bandarini, jioni nakula, halafu nakaa kwenye cherehani mpaka macho yagome. Nikimaliza, kitu kinatandikwa kitandani kwetu, au kinakwenda kwa ndugu aliyejifungua, basi.

Leo nimeufua mfarishi mpya, tandiko la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, na kuuanika uani. Jirani yangu wa chumba cha pembeni hakungoja hata maji yakauke.

"Kaka, hili shuka la vipande unauza bei gani?"

"Siuzi, dada yangu."

"Haya, sawa. Sasa ungekuwa unauza, ungeuza ngapi?"

Hilo swali la pili ndilo linalonichosha. Sio kwamba ni baya. Mji huu unakula pesa, na mtu mwenye ujuzi mkononi asiyeutoa sokoni anaonekana kama anayemwaga mchele barabarani. Anayeoka keki ataulizwa kama anachukua oda. Anayefuga kuku watatu ataulizwa bei ya trei. Mimi hata mkubwa wangu kazini, alipoona picha kwenye simu, aliniambia "fungua kaduka, mdogo wangu" kabla hajasema kama kitu chenyewe kimempendeza.

Nikijaribu kuipiga hiyo hesabu naishia kucheka. Vipande napewa bure au karibu na bure. Uzi ni bei ndogo. Lakini kukata, kupanga, kuunga, kupiga pasi kila mshono, kupiga bandi matabaka, kisha kushona juu yake mstari kwa mstari, ni jioni za wiki nyingi. Ukizilipa hizo jioni hata kwa kiwango cha kibarua, bei inayotoka itamfanya jirani yangu aone nimemtukana. Kariakoo blanketi zito la dukani, lenye picha ya simba, linapatikana kwa sehemu ndogo tu ya hiyo bei. Kwa hiyo namjibu, "Dada, hii huwezi kuinunua," naye anaondoka akiamini naringa.

Swali la haki zaidi ni lile la mama mwenye nyumba: mfarishi wa nini kwenye joto hili? Februari hapa mchana joto linafika nyuzi 32 na usiku halishuki sana. Ukimfunika mtu pamba ya inchi nzima kama wafanyavyo kwenye nchi za baridi, utamwamkia maiti. Lakini sasa hivi ni kipupwe. Alfajiri inashuka hadi nyuzi 19 hivi, upepo wa kusi unavuma, na watu wa Dar, ambao nyuzi 19 kwetu ni baridi ya kuvalia sweta, tunaanza kutafuta cha kujifunika. Shuka moja halitoshi, blanketi la simba linazidi. Hapo katikati ndipo mfarishi wangu unapokaa.

Mimi siweki pamba katikati. Juu ni vipande, katikati ni shuka kuukuu lililolainika kwa kufuliwa, chini ni khanga au kitambaa cheupe cha pamba. Matabaka matatu mepesi, yamefungwa pamoja kwa mishono. Kwa muda mrefu nilidhani huu ni ujanja wangu wa uswahilini. Baadaye nikasoma habari za Wasiddi wa Karnataka, kusini mwa India, na nikajua nimechelewa kwa vizazi kadhaa. Hawa ni watu ambao mababu zao ni Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao kama watumwa, na wanawake wao wanashona mifarishi wanayoiita kawandi. Hakuna pamba ndani. Nguo zilizochoka, sari kuukuu, vipande juu ya vipande.

Namna wanavyoshona ndiyo iliyonikalisha kitako. Mimi naunga vipande kwanza, napata uso mzima, ndipo napachika kwenye matabaka ya chini. Msiddi anaanzia pembeni, anaweka kipande, anakunja ukingo kwa ncha ya sindano, anashona moja kwa moja hadi tabaka la chini, kisha kipande kingine, anauzunguka mfarishi pande zote huku akisogea kuelekea katikati, mpaka katikati yenyewe inafungwa. Kuunga na kukandamiza ni kazi moja. Na kwenye pembe nne anapachika vipande vidogo vilivyokunjwa kuwa pembetatu nene, vinaitwa phula, maana yake maua. Mfarishi usio na hayo maua kwao uko uchi. Nimejaribu kuyaweka kwenye huu wa leo. Sindano ya mkono inapita kwa shida pale kwenye pembe, vidole vimetoboka, lakini zile pembe zinakaa kama mtu aliyevaa kofia.

Vipande vyangu vinatoka kwa fundi wa barazani, mtaa wa nyuma. Zamani mabaki yake yalikuwa yanakwenda kwa mafundi gereji wanaofutia mikono grisi, mengine yanajaziwa kwenye mito. Sasa anayachambua, yale ya pamba ananiwekea kwenye kiroba. Siku nyingine nafika nakuta kiroba kimevimba, na hata kabla hajasema najua mtaani kumekuwa na nini, maana kinachojaza kiroba ni sare. Harusi moja Dar ina sare ya kamati, sare ya upande wa bwana harusi, sare ya upande wa bibi harusi, bado ya kitchen party. Kitenge kimoja kinashonwa miili ishirini, na miili ishirini inaacha vipande vingi vya rangi ileile, vyenye umbo lileile la kwapa na shingo.

Kwa hiyo mfarishi wangu wa mwaka huu ukiusoma vizuri ni kalenda ya mtaa. Kile cha kijani chenye feni ni harusi ya Mei, ile iliyonyeshewa na mvua za mwisho za masika mpaka turubai likatobolewa kwa fimbo ili maji yatoke. Zambarau ni arobaini ya mzee wa duka la mkaa. Kuna kipande cha njano ambacho fundi alikisindikiza kwa maneno, "Hao wameshaachana, usiniulize." Nimekiweka pembeni kabisa, karibu na phula, lakini nimekiweka.

Kuchagua kitambaa kumenifundisha kutoamini macho. Vitenge vingi vinavyouzwa siku hizi ni poliesta, vinang'aa vizuri, havichuji, lakini vinateleza chini ya sindano na vinakataa kukunjika. Pasi ya moto wa pamba inaviyeyusha. Nikiwa na shaka nachomoa nyuzi mbili tatu nazichoma kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje ngumu nyeusi, na harufu yake huisahau. Mke wangu haipendi hii maabara yangu ya jikoni. Hata hivyo hapo ndipo unapookoa kazi ya mwezi mzima, maana pamba na poliesta zikiwekwa pamoja, moja inarudi ikifuliwa na nyingine haisogei, na mfarishi unakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Kila kinachoingia kwangu kinafuliwa kwanza. Wanga wa dukani unatoka, kurudi kwenyewe kunaishia kwenye beseni, na rangi inayotaka kuchuja ichuje huko huko. Nyekundu na buluu iliyokolea ndizo nazikalia macho. Watu watakuambia loweka kwa chumvi, rangi itashika. Mimi naamini maji mengi. Suuza, suuza tena, weka kitambaa cheupe pamoja na hicho chekundu ndani ya maji uone kama kitabaki cheupe. Kikibadilika, hicho chekundu hakijawa tayari kuishi na wenzake.

Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu. Niliinunua kwa fundi aliyehamia kwenye mashine ya umeme yenye kelele, akaniuzia hii kwa huruma. Ina mkanda wa ngozi unaolegea kipindi cha masika, na ukilegea unakata kidogo, unafunga tena. Dirisha letu linaruhusu unyevu wa bahari, hivyo sindano nikiiacha bila kuipaka mafuta inaanza madoa ya kutu mapema mno. Naweka namba 14 kwa vipande vya kawaida, 16 nikifika kwenye makutano mazito au nikiunganisha jinzi. Umeme ukikatika, mimi naendelea. Kinachosimama ni pasi, na pasi kwa kazi hii ni nusu ya ushonaji: mshono usiolazwa kwa pasi utakudanganya kwenye kila kipimo kinachofuata.

Na vipimo havisamehe. Nakata mraba wa inchi 5. Robo inchi inaliwa na mshono kila upande, nabaki na inchi 4 na nusu. Ukiteleza kwa upana wa uzi mmoja tu kwenye mshono mmoja, huoni kitu. Unganisha vipande kumi na sita kwenye safu moja uone: safu hii imepita, ile imepelea, na pembe ambazo zilitakiwa kukutana zinasalimiana kwa mbali. Hapa ndipo ninapotulia kabisa kichwani. Ofisini siku nzima ni simu, kontena limekwama, karatasi imekosa muhuri, mteja anafoka. Kwenye cherehani, tatizo ni robo inchi na liko mbele yangu.

Ndiyo maana sitaki oda. Nikichukua oda, yule mteja anayefoka atanifuata mpaka chumbani.

Wala sisemi anayeuza amekosea. Wale wanawake weusi wa Gee's Bend, huko Alabama, Marekani, walikuwa wanashona kwa nguo za kazi zilizochakaa ili watoto wasife baridi kwenye nyumba za mbao. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo wakaanzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, wakauza kazi zao kwa sababu pesa ilihitajika kweli. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ikatundikwa ukutani kwenye jumba la sanaa la Houston, watu wakapanga foleni kuitazama kama michoro. Nikitazama picha zake, mistari imepinda, rangi zinapigana, na hakuna hata mmoja ninaoweza kuuiga. Walioanza bila kuwaza mnunuzi walishona walivyotaka. Ningekuwa na dhiki yao ningeuza kesho asubuhi. Sina, nina mshahara mdogo unaokuja kila mwezi, na hiyo ndiyo anasa yangu.

Fundi peke yake ndiye ameelewa bila maelezo. Juzi nilipochukua kiroba akaniambia, "Mjomba, na mimi nitengenezee mmoja, wa kitanda cha futi tano." Nikamwambia sawa. Tukapatana kwamba atanipunguzia suruali mbili na kunipigia ovaloki kingo zangu zote mpaka mwisho wa mwaka. Mke wangu anasema hiyo ni biashara. Nimemwambia ni ujirani. Bado tunabishana.

Ila ubishi mkubwa ndani ya nyumba wiki hii ni huu ulioko kwenye kamba. Nimetumia khanga kuukuu za mke wangu, zile zilizochanika kwenye pindo, na khanga haikatiki bila kukata jina. Nilijua maneno yatagawanyika, nikayaacha yaanguke yatakapoanguka. Khanga moja ilikuwa ile ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", kikabaki kipande cha neno la kwanza tu. Nyingine ilikuwa ya mafumbo, habari za wivu. Sasa nilipomaliza kuunga, katikati kabisa ya mfarishi, kwa herufi kubwa nyeusi, vipande viwili vimekaa bega kwa bega: MGENI, halafu WIVU WAKO.

Mimi nimecheka mpaka nikakaa chini. Mke wangu hakucheka. Mama yake anakuja Ijumaa kutoka Tanga, na huo ndio mfarishi wa kitanda cha wageni. Mtu wa Tanga na khanga, unamweleza nini? Atasoma, atanyamaza, na atarudi kwao na jibu lililoandikwa kwenye doti mpya.

Nimependekeza tuugeuze, upande mweupe uwe juu. Mke wangu anasema mama yake kila kitanda anachopewa anakikung'uta na kukitandika upya mwenyewe, ataona. Anataka nifumue safu nzima ya katikati. Fumua ya mishono iliyopita kwenye matabaka matatu si mchezo, na leo ni Jumapili jioni. Nimeshaagiza kwa fundi kipande kimoja kidogo cha kijani cha ile harusi ya Mei, nikipachike juu ya WIVU. Itabaki MGENI WAKO. Nasubiri kama hilo litapita.